A 15 za Baba Mdogo

Ukuta wa bucha moja kule Pasua umeandikwa hivi, kwa rangi nyekundu ya mafuta juu ya nyeupe:

BUCHA YA KISASA
NYAMA YA NG'OMBE NA MBUZI
KARIBU MTEJA
HAPA HAKUNA KUKOPA

Nilizihesabu herufi zake siku ya manyunyu, mwavuli mkono mmoja, simu mkono mwingine, mwenye bucha akinikodolea macho kama nimetumwa na watu wa kodi. Ziko 60. A peke yake ziko 15. Yaani robo ya ukuta ni herufi moja, na katika hizo 15 sikupata mbili za kufanana. Ya BUCHA imetanua miguu. Ya mwisho ya KISASA imeegemea upande kama mtu aliyechoka kusubiri gari. Zile za YA mbili na ile ya NA zimekonda kuliko zote, nikajisemea jua limezila.

Aliyeandika ni Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka kwa sababu alinibebesha kopo la tina, nikarudi nyumbani nanuka hadi kwenye nywele, mama akamgombeza yeye badala yangu.

Sasa hivi nafanya kazi steshenari, karibu na stendi hapa Moshi. Ratiba za mazishi, kadi za michango, sivii, barua za kuomba kazi. Mteja wangu haulizi jina la fonti. Anasema nipe ile ya harusi, nipe ile ya kulala, nipe ile ya serikali (hiyo ni Times New Roman). Siku nzima nashughulika na herufi ambazo hakuna mtu wa kwetu aliyezichora, na sikuwa nimeliwazia hilo mpaka goti lilipomkataza Baba Mdogo kupanda ngazi. Akaacha kazi. Kampuni za simu nazo zinapaka kuta bure, mwenye duka anafurahia rangi mpya, maandishi ya zamani yanakwenda chini. Nilipokuwa mtoto nilijua mabango yake 11 kati ya Majengo, Pasua na Njoro. Yamebaki manne.

Mwezi wa Mei mwaka jana nikaamua kumwingiza Baba Mdogo kwenye kompyuta.

Mwanzo ulikuwa rahisi, na ndiyo sababu ulikuwa mbovu. Nilipiga picha, nikazisafisha, nikazifuatisha kingo kwa Inkscape, programu ya kuchorea, nikahamishia FontForge. FontForge ni programu ya kutengeneza fonti, ya bure, iliyoanzishwa na George Williams, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuiamrisha kwa Python, lugha ya kuandikia programu, badala ya kuburuta nukta moja moja kwa mausi. Maana fonti kwa ndani ni nukta tu. Kila herufi imekaa ndani ya boksi, langu lina vipimo 1000 kwenda juu, na nukta zimeungwa kwa mistari na mikunjo. Mikunjo yenyewe ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault huko Ufaransa aliyeitumia kuchora mabodi ya magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyohiyo kabla yake, ila kampuni yake ikaifanya siri. Kwa hiyo jina la marehemu kwenye ratiba ya mazishi na boneti la gari lililomleta mchungaji ni ndugu wa damu.

Nikachagua A moja, iliyo nzuri kuliko zote, nikamaliza na herufi nyingine, nikaandika HAPA HAKUNA KUKOPA. A tano zikajipanga kama askari wa gwaride. Zote na kasoro ileile kwenye mguu wa kulia, mahali palepale. Kasoro moja ukutani ni mkono wa mtu. Kasoro hiyohiyo mara tano ni muhuri wa mpira.

Kwa Kiswahili jambo hili huwezi kulificha. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, silabi kwa silabi, na A ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Mtu anayechora fonti ya kuigiza mkono kwa ajili ya Kiingereza anaweza kuponea chupuchupu, A zake ziko mbalimbali. Mwambie aandike BARABARA uone.

Nikaanza kutafuta watu waliowahi kuhangaika na hili, nikawakuta Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland. Mwaka 1989 walikuwa vijana wanaochokonoa PostScript, lugha ambayo kompyuta huitumia kuiamrisha printa. PostScript ina amri ya kuvuta mstari mpaka nukta fulani, inaitwa lineto, na ya kukunja, curveto. Wao wakatia amri yao, freakto, ambayo inakupeleka karibu na pale ulipotaka lakini si pale hasa. Na kwa kuwa hesabu inafanyika ndani ya printa yenyewe, kila A inayotoka ni mpya, haijawahi kuwepo na haitarudi. Fonti waliiita Beowolf. Baadaye mifumo ikaacha kuruhusu ujanja huo, wakaitengeneza upya kwa OpenType, muundo wa fonti za siku hizi, maumbo yakiwa yamekwisha kuchorwa tayari. Mwaka 2011 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, iliichukua ikae pamoja na viti na mataa yao. Kuna kitu kingine kilinichekesha: Just ni mdogo wake Guido van Rossum, aliyeitengeneza Python, ambayo ndiyo nilitaka kuwaigia nayo. Familia moja imenipa wazo na kitendea kazi.

Basi nikaandika programu fupi. Chukua kila nukta ya herufi, isogeze kwa kubahatisha, isizidi vipimo 14 upande wowote. Rudia mara tano. Nikapata A tano, B tano, K tano, kisha nikaweka kanuni ya OpenType ya kuzizungusha: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, kisha ya kwanza tena. Nilikesha siku hiyo. Saa nane usiku niliona nimemaliza kazi.

Kesho yake nikafanya kosa ambalo bado linaniuma mfukoni. Mteja alitaka kadi 150 za mchango wa sendoff ya binti yake, akasema chagua wewe herufi nzuri. Nikaweka yangu. Alipokuja kuchukua alisoma jina la bintiye, ambalo lina A nne, akainua macho polepole.

"Dada, hizi A zimeliwa na panya?"

Nikaprinti upya zote, kwa ile ya harusi, karatasi za mkate wangu mwenyewe.

Jumapili nikaenda Kiboriloni kumwonyesha Baba Mdogo. Nilimkuta anakunywa mtori. Nikampa shikamoo, akaitika, akaifuta mikono kwenye suruali, akaishika karatasi mbali na uso kwa sababu miwani ilikuwa ndani.

"Mama," akasema, "huyu aliyeandika hapa alikuwa amelewa."

Nikamweleza kwamba ni kompyuta, inatikisa kila nukta kidogo ili herufi zisifanane, kama zake zisivyofanana.

"Zangu zinafanana."

Nikamfungulia simu, picha ya bucha, nikaikuza. Akaileta karibu, akaipeleka mbali. Halafu akaanza kuzisoma zile A kama mtu anayetaja watoto wake.

"Hii ya BUCHA, nilikuwa nimetoka kuchovya. Brashi imejaa, ukibana inatanuka. Hii ya mwisho hapa kwenye KISASA, mkono umefika mwisho, nimevivia kushuka nisogeze ngazi. KARIBU, kuna tofali limetokeza hapo, nenda kashike utaona. Ya MTEJA, mwenye bucha amekuja chini ananiuliza habari ya chenji yake ya rangi, nimegeuka kumjibu." Akanirudishia simu. "Kila moja nilitaka iwe sawasawa na mwenzake. Sikuipata tu."

Nilirudi mjini na kifodi, nimebanwa dirishani, namtazama Kibo anavyofunikwa na mawingu, nimekasirika. Wiki nane nilikuwa najenga kitu cha kutofautisha herufi, na mwenye mkono ananiambia kazi yake yote ilikuwa kuzifananisha. Kubahatisha kwangu hakukuwa na ngazi wala tofali. Nukta ilikwenda kushoto vipimo 9 kwa sababu gani? Hakuna. Jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho hajui anachokiona, ndiyo maana mmoja akasema panya na mwingine akasema pombe.

(Siwasemi Waholanzi. Beowolf haikujifanya mkono wa mtu. Ilikuwa inaitania mashine, na utani wake ulikubali. Mimi ndiye niliyeazima dawa ya ugonjwa mwingine.)

Kitu kilichonitoa hapo nilikuwa nimekisoma mapema nikakiruka, nikidhani ni cha wanahisabati. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za chapa mpya ya juzuu ya pili ya kitabu chake, zimepangwa kwa mashine za kisasa za wakati ule, akaona ni mbaya kiasi cha kuacha kitabu na kuanza kutengeneza programu ya kupanga kurasa na nyingine ya kuchora herufi. Ya herufi inaitwa Metafont. Ndani yake huchori kingo za herufi. Unaeleza njia ambayo kalamu inapita na kalamu yenyewe ilivyo, upana wake, imelala kwa pembe gani. Fonti yake ya Computer Modern ina namba 62 za namna hiyo. Ukibadili moja, unene kwa mfano, ukoo mzima wa herufi unanenepa kwa pamoja, kila moja kwa namna yake. Soko la fonti halikumfuata, lilikwenda na kingo, kwa sababu wachoraji wengi wanafikiri umbo, hawafikiri hesabu.

Lakini Baba Mdogo hafikiri kingo. Hajawahi kuchora ukingo wa A maishani mwake. Anapitisha brashi mara tatu.

Nikafuta kila kitu. Nikamleta dukani siku ya Jumatano, wateja wakiwa wachache, nikampa karatasi za A3 na maka pen, aandike kila herufi kwa mstari mmoja mwembamba, na anihesabie mkono upi unatangulia, yaani brashi inapita wapi kwanza. A: kushoto, kulia, mkanda. M ana mikono minne na hakubali mitatu. S huianza na mgongo wa katikati, halafu kichwa, halafu mkia, kwa sababu ukianza na kichwa, alisema, tumbo litakushinda. Knuth mwaka 1980 alichapisha makala nzima juu ya S peke yake, hesabu tupu, na shida yake kubwa ilikuwa mgongo huohuo.

Mistari hiyo ndiyo mifupa. FontForge ina amri ya kuivika nyama: unaipa mstari na umbo la ncha, inakutolea kingo. Ncha yangu ni bapa, kama brashi ya inchi moja iliyokatwa nywele za pembeni, ndivyo alivyokuwa anazikata kwa wembe. Na hapo sikutikisa nukta hata moja. Nilichofanya ni kuuliza brashi ina rangi kiasi gani.

Kwa herufi za kimo cha bucha ile, alisema, mchovyo mmoja unakupa herufi tatu, nne ukiibana. Nikatengeneza hali nne za brashi. Ya kwanza imejaa: mstari una upana wa vipimo 128, na pale brashi ilipotua pana uvimbe kidogo. Ya pili 121. Ya tatu 113. Ya nne 104, na mwisho wa kila mkono unachanika, unaona michirizi myeupe ya nywele za brashi. Kila herufi ina maumbo manne, moja kwa kila hali. Kanuni yenyewe ndani ya fonti ni fupi kuliko maelezo yake:

sub @brashi2 @mpya' by @brashi3;

Yaani ukikuta herufi mpya imetanguliwa na ya brashi ya pili, iwe ya tatu. Mstari mwingine kama huo unatoa tatu kwenda nne, mwingine unarudisha nne kwenda moja: amechovya. Fonti inasoma kushoto kwenda kulia na inaiona herufi iliyopita ikiwa imeshabadilishwa, kwa hiyo taarifa inapokezwa kama kijiti. Hakuna bahati nasibu. Ukiandika neno lilelile mara mia linatoka lilelile mara mia, na bado A zake hazifanani.

Kasheshe ilikuwa nafasi kati ya maneno. Ikifika nafasi, kijiti kinaanguka, fonti inasahau, neno linalofuata linaanza na brashi iliyojaa hata kama lililotangulia lilikuwa na herufi moja. Dawa yake naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza: nikachora nafasi nne. Zote tupu, zote upana mmoja, huwezi kuzitofautisha kwa macho, ila kila moja ina jina lake na inakumbuka brashi iliachwa katika hali gani. Zipo programu zinazokata maandishi neno moja moja kabla ya kuyapeleka kwenye fonti, na humo ujanja huu unakufa. Kwenye ile ninayotumia kupanga mabango unafanya kazi.

Mengine nayataja mbiombio. Alama ya NG' ilinila siku mbili, maana fonti nyingi huiacha ikielea mbali na G kama nzi, wakati Baba Mdogo huichomeka juu ya bega la G kama tone na kuisogeza O inayofuata karibu. Nikaandika kanuni yake peke yake. Tarakimu alizifanya zote kwa dakika kumi, maana mabango yote yana namba ya simu. Q alikataa akasema hajawahi kuombwa. X nayo haimo katika alfabeti yetu, lakini nani hapa hajui X? Ni ile nyekundu inayopigwa ukutani nyumba inapotakiwa kubomolewa kupisha barabara. Nikamwomba anichoree tu ili seti itimie.

"Hiyo mimi siandiki."

Kwa hiyo fonti ya Baba Mdogo haina X. Ukibonyeza X inakuachia boksi tupu.

Mwezi uliopita mama lishe jirani yetu akataka karatasi ya kubandika mlangoni. Nikaona hii sasa ndiyo ya kujaribia. CHAI NA MAANDAZI, A3, nyekundu. Nikaibandika, nikaipiga picha, na jioni nikampelekea Baba Mdogo nakala. Safari hii miwani alikuwa nayo.

Alikaa nayo muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya CHAI, hakusema kitu, na kwake huko ni kusifu. Akapita NA. Alipofika MAANDAZI kidole kikasimama kati ya zile A mbili, ya kwanza kavu imechanika mwisho, ya pili nene imevimba.

"Hapa nilichovya?"

"Ndiyo. Herufi nne zilikuwa zimeisha."

"Katikati ya AA?" Akacheka mpaka akakohoa. "Nani anachovya katikati ya AA? Neno refu huliingii na brashi nusu. Unachovya kwanza, ndipo unaingia."

"Lakini nilikuwa nimechovya kwenye NA. Ilikuwa bado na rangi."

"Ukachovya kwa ajili ya NA?" Sasa hakuwa anacheka, alikuwa ananishangaa. "NA unaimalizia na kilichobaki. Herufi mbili tu hizo, mama. Huwezi kuharibu rangi ya mtu kwa ajili ya NA."

Nikatoa simu, nikafungua bucha. BUCHA imeiva, YA imekonda, KISASA imeiva. NYAMA, kisha YA imekonda. NG'OMBE, kisha NA imekonda, kisha MBUZI nyekundu kabisa. Halikuwa jua.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kanuni. Fonti inaweza kutazama mbele kama inavyotazama nyuma: ikikuta herufi mbili halafu nafasi, isichovye, iandike kwa makombo. Ikikuta herufi tano au zaidi, ichovye hata kama brashi bado inayo. Ya, wa, na, la, za, hizo zote sasa zitakonda, ila sijui niifanyeje KWA, yenye tatu. Nimemuuliza kwa simu. Amesema inategemea na mteja amelipa shilingi ngapi.

Mama lishe hataki nimbadilishie karatasi. Ile AA anaipenda ilivyo.